Chini ya Bati Jekundu

Kila siku, saa sita ikikaribia, Rebeka alilowesha khanga tatu. Maji yenyewe yalikuwa ya suuza, yale yaliyobaki baada ya kufua, maana maji ya bomba yalikuja mara mbili kwa wiki na hakuna mwenye akili ambaye angeyamwaga sakafuni. Khanga ya kwanza aliitundika dirishani ili upepo, kama ungepatikana, upite humo. Ya pili aliitandaza juu ya saruji. Ya tatu, iliyochakaa ikawa laini, aliikamua vizuri na kumfunika nayo mama mkwe wake kifuani. Mama Klara angefumba macho na kusema neno lile lile la kila siku, "Haya," na juu yao bati lingeendelea kulia, ta, ta, ta, kama mtu anayevunja kuni.

Jumanne ile aliingia na khanga mkononi, maji yakimchuruzika hadi vidole vya miguu, akakuta kitanda kitupu.

Aliinama akachungulia uvunguni, jambo ambalo baadaye alilionea haya, kana kwamba mtu mzima aliyepooza upande mmoja angecheza mchezo wa kujificha. Fimbo haikuwapo. Kandambili moja haikuwapo. Akatoka mbio, na uani akaiona njia: unyayo mmoja, kisha mfuo mrefu vumbini, unyayo, kisha mfuo, pale mguu wa kushoto ulipoburutwa. Alama zile zilipita banda la kuku, zikapita shimo la taka, zikavuka kichochoro na kuingia kwa Editha.

Rebeka alisimama. Kati ya nyumba zote za Nduguti, mama alikuwa amechagua ile.

Editha alikuwa mjane aliyepita miaka sitini, na tembe lake ndilo pekee lililobaki katika mstari ule wa nyumba. Lilikuwa fupi, paa lake bapa la udongo limeota majani yaliyokauka, na juu yake yameanikwa maboga. Tangu ofisi mpya za serikali zijengwe, kila mwenye kiwanja kando ya barabara alibomoa tembe lake akaezeka bati ili apangishe watumishi. Kefa, mume wa Rebeka, alikuwa fundi wa kuezeka, na nusu ya mabati yale yalipigiliwa kwa nyundo yake. Mwezi wa nane alisimama kwenye mkutano wa kitongoji akasema wapo watu wanaouaibisha mji kwa kuishi kwenye vichuguu. Hakutaja jina. Hapakuwa na haja. Kichuguu kilikuwa kimoja.

"Hodi," Rebeka aliita.

"Karibu, ila inama," sauti ya Editha ilijibu kutoka gizani. "Huku kichuguuni watu huingia kwa adabu."

Rebeka aliinama, akaingia. Ubaridi ulimpokea usoni kama kiganja cha mtu aliyetoka kunawa. Macho yalipozoea giza alimwona Mama Klara amelala juu ya ngozi ya ng'ombe, kichwa juu ya gunia lililokunjwa, anakoroma taratibu. Rebeka hakuwa amesikia koromo lile tangu mwezi wa tisa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Usimwamshe."

"Amefikaje?"

"Kwa mguu mmoja na nusu. Nilikuwa napepeta uwele, nikasikia mtu anahema mlangoni kama ng'ombe aliyetoka mnadani. Nikamuuliza, Klara, unatafuta nini? Akasema, usingizi."

Rebeka alitaka kucheka, akamkumbuka mumewe. "Baba Aneth akijua..."

"Atajua. Wale wauza nyanya wa barabarani ni vipofu?" Editha aliupiga ungo kwa kiganja, makapi yakaruka. "Mwambie kichuguu kimepata mgeni. Na lipo lingine la kumwambia. Unalijua wewe, na ninalijua mimi, maana nilikuwapo."

Rebeka aliitazama khanga mkononi mwake. Ilikuwa bado inadondosha maji kwenye sakafu ya watu.

* * *

Kefa hakuwa mtu mbaya. Mama yake alipopata kiharusi mwaka jana, alikodi gari usiku ule ule akampeleka hospitali, na godoro la mama lilikuwa nene kuliko lake mwenyewe. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: aliishi akisikiliza watu wanasema nini.

Jioni ile walimtania pale kwa mziba pancha, kabla hajazima pikipiki. "Fundi, tumesikia mama amehama. Kodi imemshinda?"

Alifika nyumbani hakuvua hata kofia. Alivuka kichochoro, akainama mlangoni kwa Editha, akatoa salamu fupi kama mtu anayelipa ushuru. Rebeka alimfuata nyuma.

"Mama, nyumba yako ile pale."

"Ile ni yako," alisema Mama Klara. Tangu kiharusi, maneno yalimtoka moja moja, lakini yalitoka yamenyooka.

"Mama, mtu akilala kwa jirani wakati mwanawe ana vyumba vitano, watu watasema nini?"

"Watasema kuna joto."

Editha alijifunika mdomo kwa upindo wa khanga. Kefa alimwinua mama yake, mwepesi kama debe tupu, akambeba kuvuka kichochoro mbele ya watu waliokuwa wametulia kana kwamba wanaangalia arusi. Chumba cha mama kilikuwa upande wa magharibi. Jua lilikuwa limezama, lakini kuta zilikuwa bado za moto, na ukiweka kiganja kwenye matofali ulikiondoa.

Walikula ugali na mlenda uani. Mawingu yalikuwa yamekusanyika tangu saa tisa, meusi na mazito, kama yalivyokusanyika kila siku kwa wiki mbili. Hayakunyesha. Yalilifunika joto tu kama sufuria ifunikwavyo, jasho likakataa kukauka mwilini, na kufika usiku yakatawanyika yakaenda kwa watu wengine. Aneth, binti yao wa miaka tisa, alikuwa amevua gauni na kubaki na gagulo, na hakuna aliyemkemea.

"Tumpigie mama dari," Rebeka alisema, macho kwenye bakuli.

"Kwa mbao zipi? Zilizokuwapo nilipigia chumba cha Michael. Mtumishi hapangi chumba kisicho na dari. Na kodi ya Michael ndiyo inayonunua dawa za mama. Unataka nifanyeje, Mama Aneth? Nipande juu nikalizibe jua?"

"Feni je?"

"Umeme unakatika mchana kutwa. Na ukiwapo, feni inakoroga joto lile lile kama uji." Alisukuma sahani. "Kuanzia kesho, mlango wa uani ufungwe kwa komeo. Mvua zitanyesha tu. Mama mwenyewe ndiye aliyeikubali nyumba hii. Asingekubali, nisingegusa tembe la baba hata kwa ukucha. Unajua hivyo."

Rebeka alijua. Miaka miwili iliyopita Kefa alikuwa Kiomboi akiezeka shule, mafundi wakisubiri uani na sururu. Alipiga simu. Tembe lile alilijenga baba yake, na kwao nyumba ya marehemu haibomolewi mpaka mjane atoe neno. "Muulize mama. Akikataa, waambie vijana waondoke." Rebeka alikuwa na simu sikioni, na mbele yake alisimama Mama Klara, mzima, miguu yote miwili. Alikuwa amechoka, Rebeka. Amechoka kufagia udongo ulioanguka kutoka darini juu ya chakula, amechoka na mchwa, na nyoka aliyeonekana juu ya kitanda cha mtoto. Amechoka kuwa mke wa fundi wa bati anayeishi chini ya udongo. Mama mkwe alijibu swali. Na Rebeka akaiambia simu, "Amekubali."

Alifungua mdomo sasa, pale uani. Kefa alikuwa ameshasimama, ananawa mikono.

* * *

Jumatano mchana khanga zilikauka kabla hajapata maji ya kuzilowesha tena. Saa saba Michael alirudi kuchukua faili. Alikuwa kijana mpole, ofisa, shati lake daima limepigwa pasi. Rebeka alimsubiri kwenye korido huku anafuta mikono ambayo haikuwa na maji.

"Kaka Michael, samahani. Naomba kitu kidogo. Ukiwa kazini mchana, chumba chako kina ile dari. Nilikuwa naomba mama ajilaze humo. Saa mbili tu, sakafuni, nitatandika mkeka wangu. Hata kitanda sitagusa."

Michael alizungusha funguo kidoleni. "Mama mwenye nyumba, kusaidia ningependa. Lakini humo kuna nyaraka za ofisi."

"Sijui hata kuzisoma."

Alikuwa amemaliza chuo cha kilimo, na alizisoma vizuri sana. Sentensi ile ilimtoka bila kufikiri, akajisikia kama aliyejivua nguo kwa hiari.

"Si wewe. Ni utaratibu. Na pia mgonjwa, unajua tena... harufu ikishashika chumba." Akatabasamu kwa huruma, akakibana kitasa, akalitikisa komeo kuhakikisha. "Maji ya kuoga leo yatakuwapo jioni?"

"Yatakuwapo."

Aliporudi chumbani, Mama Klara alikuwa ametapika uji. Rebeka alimgusa paji la uso, akautoa mkono. Ngozi ilikuwa ya moto na kavu. Jasho lilikuwa limekoma kabisa, na hilo ndilo lililomtisha. Bibi alimtazama bila kumwona.

"Sara," alimwita. Sara alikuwa dada yake, amekufa zamani. "Sara, toa ng'ombe juani."

Rebeka hakufikiri tena. Alichukua kitenge, akachuchumaa kando ya kitanda, akaivuta mikono ya mama mkwe wake mabegani, akamfunga mgongoni kama afungwavyo mtoto. Alilifungua komeo kwa goti na kiwiko. Pale nje, kelele za wauza nyanya zilikatika. Mkwe kumbeba mkwe mgongoni, mchana kweupe, miguu ya mtu mzima inaning'inia uchi chini ya kitenge: hilo hawakuwa wameliona.

"Mama Aneth!" mmoja alipaza sauti. "Huyo mtoto ana miezi mingapi?"

Wakacheka wawili watatu. Rebeka alivuka kichochoro. Kichwa cha Mama Klara kilimgonga begani kila hatua, na pumzi yake ilimchoma shingo.

Editha hakuuliza kitu. Walimlaza, wakamlowanisha mwili mzima kwa maji ya mtungi, Editha akampepea kwa ungo, akatuma mtu amwite Belinda, muuguzi aliyeishi nyumba ya tatu. Belinda alikuja na kipimo chake, akamnywesha maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko. Kwenye saa tisa jasho lilitokea juu ya mdomo wa mgonjwa, tone moja, kisha mengi. Rebeka hakuwahi kufurahia jasho namna ile.

"Mngechelewa nusu saa, mngeniita kuja kumfunga kidevu," Belinda alisema akikusanya vitu vyake. "Mama Aneth, nisikilize. Mchana asirudishwe mule ndani mpaka mvua zinyeshe. Mule mnamkaanga."

Alipoondoka, Editha naye alitoka kwenda kuwaangalia kuku wake ambao hawakuwa na shida yoyote. Rebeka alibaki na mama mkwe gizani. Juu yao paa halikulia. Lilikuwa udongo tu, limenyamaza.

"Mama," alisema. "Siku ile ya simu. Kwa nini hukumwambia Baba Aneth?"

Mama Klara alimgeuzia uso.

"Wakati ule nilikuwa na miguu. Nikasema, ni vijana, wataka kupendeza. Nitazoea." Akameza mate. "Baadaye nikaanguka. Ningesema, Kefa angekurudisha kwenu Ulemo. Unamjua. Halafu nani angenigeuza kitandani? Nani angeniogesha? Mtoto wa kiume haogeshi mama yake."

"Kwa hiyo ulininyamazia kwa sababu ya..."

"Kwa sababu nina mwili," alisema Mama Klara. "Mwili unataka mtu."

Hakukuwa na hasira katika sauti ile. Ingekuwapo, Rebeka angepata pa kushika.

* * *

Kefa alikataa kugombana na wanawake watatu jioni ile. Alisema maneno machache: kesho saa nane mwenyekiti wa kitongoji atakuja, na mambo yatakwisha mbele ya serikali.

Alhamisi saa nane Mzee Benson alifika na daftari lake na koti la suti alilovaa kwa kila kikao. Editha alikuwa amekuja kwa wito, amekaa mwisho wa sofa bila kuegemea vitambaa vya kufuma. Rebeka alisimama mlangoni. Kefa alisisitiza kikao kifanyike sebuleni, na madirisha yafungwe ili wapita njia wasisikie.

"Mwenyekiti, shauri langu ni fupi. Huyu mama ana kinyongo na mimi tangu mkutano wa mwezi wa nane. Sasa anamrubuni mama yangu mgonjwa, anamlaza chini kwenye ngozi, ili mji mzima useme Kefa amemfukuza mzazi wake. Naomba aonywe kwa maandishi, na mama arudi nyumbani leo."

Mzee Benson aliandika neno moja. Tone la jasho lilianguka kwenye daftari, wino ukatambaa. Akaifuta karatasi kwa mkono wa koti. Akavua kofia. Baada ya muda akavua koti. Bati lililia juu yao, ta, ta, na Mzee Benson akainua macho kulitazama.

"Kefa mwanangu," alisema. "Humu ndani mnaoka mikate?"

Editha alicheka kwa sauti, akashindwa kujizuia. Hata Kefa alijaribu kutabasamu, lakini tabasamu halikukaa.

"Ni kipindi tu, mwenyekiti. Mvua..."

"Mimi nina shinikizo la damu. Twendeni tukamwone mhusika mwenyewe, yaani mama. Kikao kihamie huko."

Wakahamia. Waliinama mmoja mmoja mlangoni kwa Editha: mwenyeji kwanza, kisha mwenyekiti, Kefa, mwisho Rebeka. Ndani, Mzee Benson aliketi juu ya kigoda, akashusha pumzi ndefu, "Ahaa," kama mtu aliyetua mzigo. Kefa aliisikia "ahaa" ile. Rebeka aliona namna ilivyomwingia: sura ya mume wake ilikunjamana kama ya mtoto aliyechekwa darasani.

"Shikamoo Mama Klara," alisema mwenyekiti.

"Marahaba."

"Mwanao anataka urudi. Muuguzi anasema usirudi. Wewe wasemaje?"

Mama Klara alimtazama mwanawe, kisha akamtazama Rebeka.

"Si unaona?" Kefa alisema, sauti imepanda. "Hana neno. Ametiwa maneno tu. Mwenyekiti, watu wanasema nilibomoa nyumba ya baba kwa tamaa ya kodi. Wanasema ndiyo maana mama hapati usingizi. Mimi sikubomoa kwa ubabe. Niliuliza! Nilikuwa mbali nikapiga simu nikauliza, na mama aliridhia kwa kinywa chake. Mke wangu ni shahidi, si huyu hapa? Mama ndiye aliyetaka bati. Sasa bati limekosa nini? Nimelipigilia kwa mikono yangu. Kila msumari!"

Alikuwa karibu kulia. Alipiga magoti kando ya ngozi ya ng'ombe, akapitisha mkono mmoja chini ya mabega ya mama yake na mwingine chini ya magoti. "Mama, twende nyumbani. Nitakupepea mimi mwenyewe."

Mama Klara alifumba macho. "Haya," alisema.

Neno lile Rebeka alikuwa akilisikia kila siku saa sita, chini ya khanga yenye maji ya suuza. Sasa alijua lilikuwa neno la mtu asiye na la kufanya. Alirudi nyuma hatua moja, akasimama katikati ya mlango, na mlango ulikuwa mdogo. Hakuna aliyeweza kupita bila kumsukuma.

"Mama Aneth, pisha," alisema Kefa.

"Sipishi."

"Pisha, nimebeba mama."

"Mlaze." Alishika miimo ya mlango kwa mikono yote miwili. "Mama hakukubali, Baba Aneth."

Editha, aliyekuwa akimpepea mgonjwa kwa ungo, aliacha. Mzee Benson alifunika daftari, taratibu, kana kwamba hayo hayakuwa ya kuandikwa.

"Unasema nini?"

"Siku ile ulipopiga simu. Mama alikuwa mbele yangu kama wewe ulivyo sasa, na Mama Editha alikuwa amekuja kuazima kinu. Niliyetaka bati ni mimi. Nilichoka na vumbi, nilichoka kuchekwa na wenzangu wa chuo. Nikakudanganya. Ukinirudisha Ulemo, nirudishe, lakini nitakwenda kesho, baada ya kumwogesha."

Mikono ya Kefa ilibaki chini ya mwili wa mama yake, haimwinui na haimlazi. Alimtazama mama, na mama hakufumbua macho; akamtazama Editha, na Editha akatikisa kichwa kukiri. Macho ya Kefa yalirudi kwa mke wake, na swali alilouliza lilitoka dogo.

"Basi alisema nini?"

Rebeka alikuwa na maneno yale kifuani kwa miaka miwili, hata moja halikuwa limepungua.

"Alisema, jengeni, sikatai. Lakini mniachie chumba kimoja cha tembe."